Shule zimefungwa, mialo imejaa watoto. Huyu anayewanunulia dhahabu mbona hatumtaji?

#1 Mwalimu wa Zamu

Wakuu, heshima kwenu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Geita. Kijiji sikitaji, mshahara wenyewe bado nauhitaji. Shule zimefungwa, wiki ya pili hii. Jumamosi iliyopita nilishuka mwaloni, pale panapooshewa mchanga wa dhahabu, kumtafuta fundi pikipiki, nikakuta karibu nusu ya darasa langu la tano wako pale.

Wakanisalimia vizuri tu, "shikamoo mwalimu", utadhani tuko mstarini. Tope jekundu limewafika viwikoni. Wengine wanamwagia maji mchanga juu ya ubao uliotandikwa gunia, wengine wamechuchumaa kwenye marundo ya marudio, yale mabaki ya mchanga uliokwisha kuoshwa. Wasichana wawili wanaponda mawe kwa nyundo, khanga wamejifunga puani.

Mmoja, nitamwita Masanja, nilimkuta nyuma ya kibanda cha mama yake. Mama anauza ugali na dagaa. Masanja kachukua jiko la mkaa la mama, kaweka juu yake kifuniko cha kopo la maziwa, na ndani ya kifuniko kuna kidonge cha rangi ya fedha, ukubwa wa punje ya mtama. Anakipuliza. Weupe ukawa unaondoka polepole, unjano unajitokeza. Hatua mbili kutoka pale kuna sufuria ya dagaa haina mfuniko, na mdogo wake wa kama miaka mitatu kakaa chini anachezea mwiko.

Kwa ambao hamjawahi kufika machimboni: mawe yakitoka kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, yanasagwa kwenye karasha, lile pipa linalozunguka na gololi za chuma ndani. Unga unapelekwa mwaloni, unaoshwa, mchanga mzito unabaki kwenye gunia. Ule mchanga unatiwa kwenye karai na zebaki, unakorogwa kwa mkono mtupu, zebaki inakamata dhahabu. Unakamua kwa kitambaa, unapata kidonge. Karibu nusu ya uzito wa kile kidonge ni zebaki. Ili ibaki dhahabu unachoma.

Zebaki inachemka kwenye nyuzi joto 357. Mkaa wa kupikia maharage unafika huko bila kusumbuka. Inapochemka haitoi moshi wa kukuwasha macho ukajua hapa kuna kitu. Watoto pale wanaonyana "usiimeze hiyo, utakufa", na wakishaonyana hivyo wanainama kuipuliza. Mambo ni kinyume chake kabisa. Zebaki ya maji ukiimeza inapita tumboni karibu yote na kutoka. Ule mvuke ukiuvuta, kama asilimia 80 inaingia kwenye damu kupitia mapafu, na inaelekea kwenye ubongo na figo. Ubongo wa mtoto wa miaka 11 bado unajengwa.

Sasa sikilizeni kilichonifanya nifungue uzi.

Masanja alipomaliza alifunga chembe yake kwenye karatasi ya daftari (la hisabati, nalijua, nimelisahihisha) akaenda kuuza. Nikamfuata. Kuna jamaa ana kibanda cha mabati, meza, mizani ndogo ya betri ndani ya boksi la kioo. Mtoto akaweka. Mizani ikasoma pointi mbili. Kwa wasiojua, pointi ni sehemu moja ya kumi ya gramu. Gramu moja siku hizi inapita laki mbili, kwa hiyo pale kulikuwa na zaidi ya elfu arobaini. Jamaa akaikwaruza kwa kiberiti cha gesi, akasema "ina uchafu", akatoa elfu ishirini na mbili. Mtoto akazipokea kwa mikono miwili, akasema asante baba.

Hakuulizwa jina wala umri. Nyuma yake kulikuwa na wengine wanne wa umri huohuo, kila mmoja na kikaratasi chake.

Na mimi nilinyamaza. Nimesimama mlangoni na kofia ya pikipiki mkononi, nikanyamaza.

Kila mwaka likizo ya Juni na ya Desemba tunasikia hotuba hizohizo. Wazazi wanyooshewe vidole, walimu waelimishe, mwenye duara akamatwe. Sawa. Ila mtoto hapeleki dhahabu hewani. Kuna mtu mzima anakaa kwenye kiti, anamwona usoni, anampunja, anamlipa. Huyo hayupo kwenye hotuba hata moja niliyowahi kuisikia. Kwa nini?

Nawasilisha.

#2 Ngoja Waje

Nimeweka kigoda hapa. Uzi mzito huu.

#3 Toto la Nyarugusu

Mleta uzi, nakuheshimu, ila acha nikwambie upande wa pili.

Mimi nimesoma kwa hela ya mwalo. Darasa la nne mpaka la saba, kila likizo. Baba alifariki, mama ana watoto watano na heka moja ya mihogo. Mwaka 2016 serikali ikafuta ada, tukashangilia. Wakati huo niko sekondari. Ada imefutwa, haya, sare? Viatu? Madaftari? Mchango wa chakula cha mchana? Dawati? Januari ile mwalimu wetu alitusimamisha mstarini wasio na sweta tukarudishwa nyumbani. Hakuna mtu wa haki za watoto alikuja na sweta. Yule mnunuzi unayemsema alinipa hela, nikanunua sweta, nikasoma, leo nina shahada.

Kwa hiyo mkimfukuza mnunuzi, hakikisheni mmeleta sweta kwanza.

#4 Mwalimu wa Zamu

Mkuu Toto la Nyarugusu, sina ugomvi na wewe. Swali moja tu, ujibu ukipenda: mlikuwa wangapi pale mwaloni ile miaka, na wangapi wana shahada?

#5 Toto la Nyarugusu

Swali la mtego hilo mwalimu. Nitakujibu usiku, niko kazini.

#6 Mzee wa Matimba

Mimi ni mchimbaji tangu miaka ya tisini, sasa mgongo umegoma, nauza matimba tu, yale magogo ya kushikilia kuta za mashimo. Naomba niseme mawili matatu.

Moja, watoto shimoni siku hizi wamepungua kwenye maduara yenye leseni. Si kwamba tumekuwa malaika. Ikitokea ajali mtoto akakutwa ndani, mwenye leseni anapoteza kila kitu, na mashimo yetu yanaporomoka kila masika, hilo halifichiki. Mtoto utamkuta juu: anavuta kamba, anabeba viroba, anaponda, anaosha, anachoma. Watu wanasema "ah, huyo yuko nje, anasaidia tu". Mwalimu amesema kweli, hapo nje ndipo zebaki ilipo.

Kwenye rashi ni habari nyingine. Likitema dhahabu duara moja porini, ndani ya wiki watu maelfu, hakuna leseni, hakuna mwenyekiti, na ikiangukia likizo utakuta vitoto vina tochi kichwani vinashuka. Vinapendwa kwa sababu vinapita penye upenyo mwembamba. Mererani nilikofanya kazi zamani waliitwa nyoka, kwa sababu hiyohiyo.

Pili, hiyo habari ya kuchoma kwenye jiko. Miaka ya 2000 walikuja watu wa mradi wa Umoja wa Mataifa pale Rwamagasa, wakatuonyesha ritoti. Chombo cha chuma kimefunikwa, kina bomba, unachomea ndani, mvuke unapoa unarudi kuwa zebaki, unaitumia tena. Kitu kizuri na cha bei ndogo. Nenda leo uulize nani anayo. Mnajua kwa nini tuliiacha? Kwenye ritoti huioni dhahabu yako. Mmechimba watu sita, mnagawana, sasa mmoja anachukua kidonge anakifungia kwenye chuma, nyie mnatazama bomba. Nani atakubali? Kwenye kifuniko cha kopo kila mtu anaona. Halafu mnunuzi anasubiri, bei inashuka ikifika jioni, ritoti inataka muda. Na wengine waliamini inakula dhahabu, inabaki ndani.

Kwa hiyo wataalamu mkija tena msije na chuma tu. Njooni na jibu la kutoaminiana.

Wabeja.

#7 Kigugumizi cha Sheria

Ngoja niweke sheria mezani ili tusibishane hewani.

Sheria ya Mtoto ya 2009: mtoto ni aliye chini ya miaka 18. Kuanzia miaka 14 anaruhusiwa kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumzuia shule. Kifungu cha 82 kinakataza kazi hatarishi na kinazitaja kwa majina: kwenda baharini, uchimbaji wa madini na mawe, kubeba mizigo mizito, viwanda vyenye kemikali, mashine, baa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 5, nayo inasema aliye chini ya miaka 18 asiajiriwe mgodini. Hakuna mahali palipoandikwa "isipokuwa likizo".

Mikataba ya Shirika la Kazi Duniani tumeridhia, namba 138 mwaka 1998 na namba 182 mwaka 2001. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki tumeridhia 2020, na kiambatisho chake cha uchimbaji mdogo kinataka nchi ziondoe uchomaji wa wazi na uchomaji kwenye makazi ya watu, na ziwe na mpango wa kuwakinga watoto na wajawazito. Jiko la mama Masanja liko kinyume na kila mstari hapo.

Ila mleta uzi ameshika penye uvungu. Sheria hizi zote zinamtafuta mwajiri. Masanja hana mwajiri. Mchanga kaomba, zebaki kapewa kwa mkopo, jiko la mama. Ukimpeleka mnunuzi mahakamani kwa utumikishaji wa mtoto atakwambia "mimi sikumtuma, nilinunua mali". Ukitaka kumshika, mshike kwenye leseni. Kununua dhahabu ni biashara ya leseni, na tangu masoko ya madini yaanze, la Geita likifunguliwa Machi 2019, dhahabu inatakiwa ipitie huko ipimwe na ilipiwe mrabaha. Kibanda cha mabati mwaloni kina leseni? Pengine kinayo, pengine jamaa katumwa na mwenye nayo. Hilo linaulizika, na afisa madini ndiye wa kuuliza.

#8 Mama Kulwa na Doto

Mimi ni mama ntilie machimboni. Huyo mama wa Masanja ningeweza kuwa mimi, ingawa mimi siuzi dagaa.

Mnazungumza juu yetu kama hatupo. Mwalimu, uliposema sufuria haina mfuniko nimecheka kwa uchungu, mimi yangu ina mfuniko ila mfuniko uko kwa jirani anachomea dhahabu.

Shule zikifungwa watoto wangu nawapeleka wapi? Nyumbani nimepanga chumba kimoja, kijiji cha asili kiko Kwimba, nauli ya watu watatu kwenda na kurudi ni mtaji wangu wote. Nikiwaacha chumbani peke yao, wanaume wa machimboni wanaranda na pombe toka asubuhi, nina binti wa miaka 12. Nikija nao mwaloni angalau nawaona. Na mtoto akikaa mwaloni siku nzima hawezi kukaa bure, wenzake wanaosha na yeye ataosha. Mimi sikumtuma. Ila jioni akinipa elfu tatu sitazirudisha, nisiwe mnafiki.

Hilo la mvuke kwamba usimeze si kitu bali kuvuta ndiyo balaa, mimi miaka tisa hapa nalisikia leo. Tuliambiwa tunywe maziwa. Kila mchomaji hapa anakunywa maziwa.

#9 Mganga wa Zahanati

Mama Kulwa, maziwa hayafanyi kitu kwa mvuke wa zebaki. Hayapiti kwenye mapafu. Naona wachomaji wengi wanaotegemea maziwa, na wanakuja wakubwa tayari mikono inatetemeka, wanasahau, wana hasira za ghafla, wake zao wanadhani wamerogwa.

Kwa watoto ni vigumu zaidi kuliona. Mtoto hatetemeki baada ya likizo moja. Kinachotokea ni polepole, kichwa kinakuwa kizito darasani na hakuna anayeunganisha na jiko. Huku zahanati hatuna kipimo cha zebaki kwenye mkojo, nikishuku ninaandika rufaa, na rufaa ni nauli.

Jambo la kufanya leo bila kusubiri mtu: uchomaji uhame kutoka jikoni. Mbali na nyumba, mahali pa wazi, upepo ukiwa mgongoni mwa mchomaji, watoto na wajawazito wasiwepo. Vyombo vya kuchomea visirudi kupika. Nguo za mwaloni zisifuliwe na za mtoto. Si salama, ni nafuu tu kuliko mlivyo sasa.

Na msisahau vumbi la karasha. Mnaogopa zebaki kwa sababu ina jina. Vumbi la mawe linakaa kwenye mapafu, na mapafu yakishaharibika kifua kikuu kinaingia kirahisi. Watoto wanaokaa karasha wakisubiri marudio wanakula vumbi hilo siku nzima, na khanga haizuii.

#10 Gololi

Nina karasha mbili. Mnipige mawe, niko tayari.

Watoto wakija kwangu nawafukuza. Wanahamia kwa jirani. Jirani anapata vibarua wa elfu mbili, mimi nalipa watu wazima elfu kumi. Mwezi ukiisha jirani ana karasha ya tatu. Mwaka jana likizo nilikaza uzi wiki mbili, wiki ya tatu mama zao wakaja kunilaumu kwamba nawabagua. Nikalegeza.

Na huyo mnunuzi mnayemshambulia, nusu ya mwalo unaendeshwa na hela yake. Ndiye anayekopesha zebaki, dizeli, hata hela ya hospitali. Amekukopesha, lazima umuuzie yeye, kwa bei yake. Mtoto kapewa zebaki ya jero, ameshafungwa kamba shingoni. Ndiyo maana hakuna anayemtaja, mwalimu. Ulitaka jibu, hilo hapo. Hata mwenyekiti anamdai yeye kitu au anadaiwa.

#11 Ngoja Waje

#10 kaua. Naongeza kigoda cha pili.

#12 Papa Kaniki

Jambo bandugu. Miye niko Kolwezi, Kongo. Huku kwetu vakansi kubwa inaanzaka mwezi wa saba, masomo inarudia mwezi wa kenda. Ile wakati batoto banaendaka kulokota mawe ku rejet, ile mabaki mugodi inatupaka, banayasafisha ku maji, banauzisha ku depo. Kule depo iko mashini moja banaita Metorex, inapima kobalti iko ngapi ndani ya jiwe. Mutu mukubwa anaweza kubishana, anaweza kwenda ku depo ingine. Mutoto, hapana. Banamwambia teneri, ile kipimo ya kobalti, iko chini, anapokea kile banamupatia. Nilisoma ile "ina uchafu" ya Geita, nikasema ah, ni ileile Metorex.

Huku primeri ni ya bure tangu 2019, na bado batoto bako ku mawe. Bazungu banakuja na kamera, bananunua simu, banarudia.

#13 Dada wa Posta

Papa Kaniki karibu sana, Kiswahili chenu nakipenda. Na hapo kwenye "hapana" umepiga. Watu wanadhani mtoto anatumiwa kwa sababu ana vidole vidogo au anapita penye upenyo. Anatumiwa kwa sababu habishani bei.

#14 Mwalimu wa Zamu

Nimewasoma wote, nimesoma mara mbili ya Mama Kulwa.

Niongeze kitu ambacho kwa sisi walimu ndicho kibaya zaidi. Desemba mnayoiona ninyi ni mwezi mmoja. Kwa darasa la saba likizo inaanza Septemba. Wanamaliza mtihani wa taifa Septemba, matokeo na uchaguzi wa kidato cha kwanza vinakuja mwishoni mwa mwaka, kuripoti Januari. Hapo katikati ni miezi mitatu na ushee mtoto wa miaka 13 au 14 hana daftari, hana mwalimu, hana hata jina, kwa sababu si mwanafunzi wa msingi tena na wa sekondari bado. Huyo ndiye anayekwenda mwaloni akiwa na akili ya kutafuta hela ya sare, na Januari ikifika ana simu, ana madeni, ana heshima ya kibarua. Unamwita akavae kaptula akae mstari wa mbele? Haji.

Na mnufaika wa TASAF, ule mfuko wa serikali wa kaya maskini, kaya inapewa ruzuku kwa sharti la mahudhurio ya shule asilimia 80. Sharti zuri. Ila mahudhurio yanahesabiwa siku za shule. Likizo hakuna rejista, kwa hiyo hakuna wa kuhesabu.

Kuhusu watafiti: Human Rights Watch walipita machimbo ya Geita, Shinyanga na Mbeya wakatoa ripoti 2013, zebaki na watoto vyote vimo. Masanja alikuwa hata hajazaliwa. Mambo haya hayahitaji kugunduliwa tena.

#15 Toto la Nyarugusu

Mwalimu, nimerudi kama nilivyoahidi.

Tulikuwa kumi na mmoja kwenye ule mwalo, wa rika langu, mtaa mmoja. Nimekaa kwenye daladala nikiwahesabu kwa vidole. Mimi na mwenzangu mmoja ndio tulivuka kidato cha nne. Mmoja alifukiwa na duara Matabe akiwa na miaka 17. Wasichana watatu waliolewa kabla ya miaka 16, mmoja wao na mwenye duara. Waliobaki bado wako mwaloni, mmoja anaitwa Mzee na ananizidi mwaka mmoja.

Na nikumbuke vizuri, lile sweta nilinunua elfu nane. Ile chembe niliyouza nilipewa elfu tisa. Sijawahi kujua ilikuwa na thamani gani, sikujua kusoma mizani.

#16 Kigugumizi cha Sheria

Hiyo ya mwisho, "sikujua kusoma mizani". Mwalimu, hesabu za desimali zinafundishwa darasa la ngapi?

#17 Mwalimu wa Zamu

La tano. Muhula wa pili. Nawafundisha mimi.

#18 Mama Kulwa na Doto

Waliokuwa na shida ya mtoto: 116 ni namba ya bure ya simu kwa mtoto. Niliwahi kupiga kwa ajili ya binti wa jirani, walipokea, afisa ustawi akaja siku ya tatu. Siku tatu ni nyingi, lakini alikuja.

Na jiko langu limehamia nyuma ya choo tangu jana. Jirani kachukia nilipochukua mfuniko wangu.

#19 Askari wa Zamani

Mwalimu mfuate mtendaji, nenda na afisa ustawi, msimtishe mtoto, mkamuulize jamaa leseni yake. Usiende peke yako. Nasema kwa kujua.

#20 Mwalimu wa Zamu

MREJESHO

Wakuu, nimechelewa. Leo ni wiki ya pili tangu shule zifunguliwe.

Kabla ya mwaka mpya nilikwenda kwa mtendaji wa kijiji. Alinisikiliza, akanipa soda. Akaniuliza kama mimi ni mwenyeji wa huku. Baadaye tulikwenda pale kibandani tukiwa watatu, na afisa ustawi wa jamii. Jamaa alitoa karatasi ya leseni, ina jina la mtu mwingine anayekaa mjini. Afisa akaandika kwenye daftari lake. Jamaa akasema hajawahi kununua kwa mtoto, "hao wanaletewa na wazazi wao", na wakati anasema hivyo kuna kitoto kimesimama mlangoni na kikaratasi mkononi kinatusubiri tumalize.

Darasani kwangu, waliotakiwa kuingia la sita, saba hawajaripoti. Wanne nimefika kwao. Wawili wamefuata rashi na baba zao upande wa Chunya, mmoja anaumwa, mmoja alijificha nyuma ya nyumba nikamsikia anakohoa.

Mtu aliniuliza inbox kama nimeanza na ile ya desimali. Nimeanza. Juzi nilileta mizani ya duka la dawa niliyoazima, tukapima chaki, vifuniko, punje za mtama. Somo halijawahi kuwa na kelele za namna ile. Masanja ndiye aliyekuwa anawasomea wenzake. Alipofika kwenye 0.2 akakaa kimya, halafu akaniuliza gramu ni shilingi ngapi. Nikamwambia. Hakusema kitu, akaandika hesabu yake kwenye daftari na kuipigia mstari chini.

Jamaa wa kibanda amefunga pazia mlangoni, shuka ya maua. Sijui ni kwa sababu yetu au kwa sababu ya jua. Haifiki chini, inaacha kama futi moja. Leo mapumziko ya saa nne nilipita pale makusudi. Unaona miguu tu ya waliosimama mbele ya mizani. Kandambili nyingi, buti za mpira mbili, na jozi tatu za viatu vyeusi vya shule, vipya.